Taa ya Matumbawe Izimwe Saa Ngapi?



Niliombwa niseme juu ya utumishi serikalini. Mtaniwia radhi nikiiacha hotuba hiyo mfukoni. Jana usiku, yapata saa nne, nilipita maabara ya Biolojia nikaona taa ya tangi la matumbawe ingali inawaka. Nikaambiwa haizimwi kamwe, ili matumbawe yashibe mwanga. Mawili kati yake yamekwisha kuanza kupauka.

Kosa hilo nalijua, maana nililitenda nyumbani kwangu. Nilikuwa nikiwasha taa alfajiri kabla ya kwenda ofisini, na kuizima niendapo kulala. Baada ya miezi miwili vioo vilifunikwa na mwani wa kijani, na tumbawe nililolipenda kuliko yote likawa jeupe kama chokaa, kisha likafa.

Tumbawe ni mnyama, si mmea. Lakini ndani ya nyama yake mna mwani mdogo mno, usioonekana ila kwa hadubini. Mwani huo hutengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenyeji wake. Ndiyo sababu watu hudhani kwamba mwanga ukizidi, chakula nacho huzidi. Sivyo. Mwani una kipimo chake. Mwanga ukipita kipimo hicho huzalisha oksijeni kali yenye sumu, na tumbawe huwatoa nje wapangaji wake. Weupe tunaouona ni mifupa ya chokaa ikionekana kupitia nyama isiyo na rangi. Joto nalo hufanya hivyo hivyo: mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa.

Basi taa iwake muda gani? Saa 8 hadi 10 kwa siku zatosha. (Sisemi saa nane mchana, ninyi wa kidato cha kwanza mnaocheka.) Mtauliza: mbona mchana wetu huku karibu na Ikweta ni wa saa 12? Ni kweli, lakini jua la asubuhi na la jioni huja kwa mshazari, na maji hurudisha sehemu yake juu. Jua kali ni la saa chache za katikati tu. Taa yenu huwaka kwa nguvu zote tangu swichi inapobonyezwa. Usiku nao una kazi yake, kwani matumbawe mengi hukunjua mikono yake gizani yakamata vijidudu vya kula.

Umeme ukikatika siku moja, msihangaike na taa. Hangaikieni pampu, maana maji yakisimama hewa huisha.

Tumbawe lililopauka halijafa bado. Likipunguziwa mwanga, na maji yakiwa safi na yasiyo moto, laweza kurudisha mwani wake baada ya wiki kadhaa. Nimeleta swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe. Nimemkabidhi mwalimu wa Biolojia. Kuanzia leo taa iwake saa nne asubuhi, izimwe saa kumi na mbili jioni, na kwa wiki mbili za mwanzo iinuliwe juu kidogo mbali na maji.