Mintarafu ya Maumivu Yasiyoonekana Maabara



Mama auzaye mitumba katika soko la Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambaye kwa miezi mingi ameamka mwili wote ukimwuma, usingizi usimpumzishe, na fikra zikimpotea katikati ya kuhesabu chenji, aghalabu hutoka zahanati na dawa za malaria au za homa ya matumbo. Tabibu hakosi udhuru, kwani ukanda huu wa Ziwa Viktoria una malaria mwaka mzima, na kipimo cha homa ya matumbo kiitwacho Widal, ambacho huweza kuonyesha athari ya maambukizi yaliyokwisha pita, ni rahisi na kinapatikana. Lakini homa isiyo na joto, iliyotibiwa mara kadhaa isipone, yastahili kuulizwa upya kama kweli ni homa.

Maradhi ninayoyakusudia ni fibromialjia. William Gowers wa London aliyaeleza mwaka 1904 akidhani nyama za mwili zina uvimbe. Uvimbe haukupatikana, na leo twafahamu kuwa mfumo wa fahamu ndio unaoyakuza maumivu. Kanuni za Marekani za mwaka 1990 zilimtaka tabibu abonyeze nukta 18, na 11 ziume, kazi ambayo wengi hawakuiweza sawasawa. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2016 zaliuliza neno jepesi zaidi: katika sehemu 19 za mwili ni ngapi zinazouma, uchovu na usingizi vikoje, na je, hali hii imedumu miezi mitatu? Fauka ya hayo, zatamka wazi kuwa maradhi mengine hayabatilishi haya. Mwenye VVU au baridi yabisi huweza kuwa nayo pia.

Basi ithibati imo katika maswali, nasi twaitafuta katika damu. Picha ya damu, kipimo cha tezi ya shingo na kuvikagua viungo kama vimevimba vyafaa, ila vyafaa mara moja. Kuvirudia kila mwezi ni kumfundisha mgonjwa kuwa haaminiwi. Pale Alupe, palipokuwa na hospitali ya wakoma, ugonjwa ulitafutwa kwa kugusa ngozi na kumwuliza mtu anahisi nini. Elimu hiyo haikuhitaji mtambo, na sijui kwa nini tuione haya.

Kuhusu tiba, mapendekezo ya Ulaya ya mwaka 2017 yaliyapa mazoezi peke yake nguvu kamili. Naam, kumwambia mchukuzi wa magunia pale Malaba afanye mazoezi ni karibu na dhihaka, mpaka umweleze kuwa mzigo wa kulazimishwa si sawa na mwendo mdogo wa hiari, unaoongezwa taratibu wiki hata wiki. Amitriptilini kidogo, miligramu 10 usiku, huwasaidia baadhi ya wagonjwa kulala, na si ghali. Sindano za diklofenaki na dawa za jamii ya mofini hazina faida ya kutegemewa hapa.

Limebaki daftari la matibabu. Mgonjwa wetu hulibeba mwenyewe, leo upande huu wa Kenya, kesho upande wa Uganda, na kila tabibu hufungua ukurasa mpya. Naomba jina la maradhi, tarehe, idadi ya sehemu zinazouma na vipimo vilivyokwisha fanywa viandikwe kwenye jalada la ndani, kwa hati inayosomeka, ili tabibu wa Tororo asianze tena na Widal.