Kazi Mpya Inapokuwa Mzigo: Kuacha au Kubaki?

(Mazungumzo ya mmoja wa wanachama waanzilishi siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu, Dodoma)

 

Nilipoombwa kuzungumza leo niliambiwa nichague mada mwenyewe. Wenzangu wameshasema habari za hisa, za mikopo na za mfuko wa jamii, na wamesema vizuri kuliko ningeweza mimi. Mimi nimechagua jambo ambalo halimo katika katiba yetu, lakini kila mwaka linafika mezani kwetu. Mwenzetu amepata kazi. Tumeshangilia, tumepiga vigelegele. Hajamaliza miezi mitatu anarudi analia, anasema kazi imemshinda, anataka kuacha. Na mkopo wetu anao. Tumwambie nini?

Zamani jambo hili lilikuwa nadra kwetu. Tulipoanza mwaka 2015 wengi wetu tulikuwa wa genge, wa mama lishe, wa ushonaji na wa shamba la zabibu. Mwaka uliofuata, Julai 2016, Serikali ikatangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, siyo maneno yale tuliyoyasikia tangu 1973. Tarehe 26 Aprili 2018 mji ukawa jiji. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na hoteli, maduka na nyumba za wageni zikaota kama uyoga. Mabinti zetu wakapata kazi za mapokezi, usafi, jikoni, ukeshia. Jambo jema. Ila kazi zikija nyingi, na kazi mbaya huja humo humo.

Nitawaeleza habari mbili, yangu mwenyewe na ya binti mmoja wa kikundi hiki. Ruhusa yake ninayo, ila jina silitaji.

Mimi niliajiriwa mwaka 1983, karani wa masjala. Mwezi wa kwanza nililia kila siku, jamani, sitanii. Faili likiombwa silioni. Mkubwa wa ofisi anapaza sauti mpaka wageni wanageuka. Usiku naota makabati. Wiki ya tatu nikamwambia mama yangu kwamba narudi shamba. Mama akanijibu kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami jembe ndiyo kwanza nimepewa. Nikarudi kazini nimenuna. Pale masjala palikuwa na mama mmoja mtu mzima, naye akaanza kunibakiza nusu saa jioni anifundishe daftari la barua zinazoingia na zinazotoka. Mwezi wa pili nikawa napata faili moja katika mawili. Mwezi wa nne wakawa wananiita mimi. Nikakaa katika utumishi miaka zaidi ya thelathini.

Kwa hiyo mnaona nilivyokuwa tayari kumshauri mtu. Nilikuwa na jibu mkononi hata kabla sijasikia swali.

Binti wa pili huyu alipata kazi ya ukeshia katika sehemu ya chakula hapa mjini. Mshahara 200,000 kwa mwezi. Alikopa kwetu laki tatu apange chumba na anunue nguo za kazi. Kwa riba yetu ya asilimia kumi ikawa 330,000, marejesho 30,000 kwa miezi 11. Wadhamini tulikuwa wawili, mmoja ni mimi.

Wiki ya tatu akaja nyumbani kwangu jioni. "Shikamoo mama. Mama, mimi pale sitaweza." Nikamwuliza kuna nini. Akasema kelele, akasema kuchoka, akasema anatoka saa tano usiku. Nikamwambia ya masjala yote, tangu makabati hadi yule mama mtu mzima. Nikamalizia kwamba mvumilivu hula mbivu. Akashukuru, akaondoka.

Mwezi wa pili akaja tena. Safari hii nilimwona amekonda. Nikamwambia yale yale. Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo kosa langu lilipo: sikumwuliza hesabu. Mimi niliyefundisha nusu ya kikundi hiki kuandika daftari, sikumwambia binti akae chini tuandike mshahara wake unakwenda wapi. Tuliiandika baadaye sana, ikawa hivi. Mwezi ule wa pili alikatwa 80,000 za "shoti", yaani fedha iliyopungua kwenye droo, ambayo droo hiyo walikuwa wanaishika watu watatu. Bodaboda ya usiku mpaka Nkuhungu 3,000, siku 26, ni 78,000. Zikabaki 42,000. Akatuletea rejesho letu 30,000. Mtoto wa watu akaishi mwezi mzima kwa 12,000, nasi tulimpongeza kwa kurejesha kwa wakati!

Na yeye hakusema yote. Alikuwa anaona aibu, na mdhamini wake ndiye huyo huyo mshauri wake. Hebu fikirini: unamwendea mtu kumwomba ushauri wa kuacha kazi, na ukiacha kazi yeye ndiye atakayelipa deni lako. Ushauri wangu haukuwa safi, akina mama. Sikujua wakati ule, lakini ndivyo ulivyokuwa.

Mwezi wa nne aliacha tu kwenda. Hakuaga kazini, hakuja kikundini, simu akazima. Siku alizokwisha kuzifanyia kazi mwezi ule hakulipwa, na karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi hakupata. Tulimkuta kwa shangazi yake Kongwa. Alipotuona wadhamini wawili tumeshuka kwenye gari alijificha chumbani. Sijasahau mlango ule ulivyofungwa.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba kuna shida za aina mbili, na kwa mbali zinafanana. Wenye zabibu hapa wataninielewa haraka. Mzabibu mchanga haukupi kitu. Unaumwagilia, unaukata, unausubiri, na anayeung'oa kwa sababu hauna tunda ni mjinga. Lakini mzabibu ulioingiwa na mchwa mizizini nao hauna tunda, na huo ukiusubiri unasubiri mchwa washibe.

Shida yangu ya masjala ilikuwa ugeni. Kila wiki ilipungua kidogo, palikuwapo mtu wa kunifundisha, na mwisho wa mwezi mshahara ulikuja mzima. Shida ya binti yetu ilikuwa inaongezeka kila wiki. Hapakuwa na wa kumfundisha, na fedha yake ilikuwa inaliwa. Yeye nilimpa dawa ya ugonjwa wangu.

Kwa hiyo mtu akija sasa namwuliza wiki hii ni nafuu kuliko ile iliyopita au ni mbaya zaidi. Naomba tuandike mshahara ulivyoingia na ulivyotoka. Namwuliza kama amekwisha kumwambia mkubwa wake jambo lenyewe, maana wengine wanataka kuacha kazi kwa sababu ya zamu ambayo ingebadilishwa kwa kuomba tu. Namwuliza kuhusu usingizi. Sisi wa Dodoma tuna mzaha wetu mbaya wa kumwambia mtu "utapelekwa Mirembe", lakini Mirembe ni hospitali, na mtu asiyelala wiki tatu kwa ajili ya kazi anastahili kuonana na daktari, asichekwe. Na kama mkubwa wa kazi anamshika mwili au anamtaka kwa nguvu, hapo hatuandiki hesabu yoyote. Hapo mtu anatoka siku hiyo hiyo, nasi tunakwenda naye polisi.

Lakini hata mchwa wakiwa wameingia, kuna namna ya kutoka. Nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwa miwani na kwa msaada wa mjukuu, na natamani ningeisoma mapema. Kama uko ndani ya mwezi wa kwanza, notisi ya kuacha kazi ni siku 7. Ukishapita mwezi huo, na unalipwa kwa mwezi, ni siku 28. Mkataba unaweza kutaka siku nyingi zaidi ya hizo, kwa hiyo usomwe. Notisi iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe, na nakala ubaki nayo. Binti yetu alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa wiki ya tatu. Angeandika barua moja, akafanya kazi siku saba, akaondoka na haki yake na cheti chake cha kazi. Mimi nikamrudisha na methali.

Na zile shoti? Mwajiri haruhusiwi kukata tu anavyotaka. Anatakiwa aeleze kwa maandishi hasara imetokeaje na ameihesabuje, mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea na akubali kwa maandishi kulipa, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 200,000 ni 50,000. Yeye alikatwa 80,000. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Hakuwahi kuiona. Mwenye madai ya namna hii anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na asikae nayo nyumbani: madai ya mshahara yana siku 60, na ya kuachishwa kazi isivyo halali yana siku 30. Sisi tulipomkuta Kongwa siku zilikuwa zimekwisha pita. Sheria hiyo inamlinda na msichana wa kazi za ndani, mlisikie hilo na ninyi wenye wasichana majumbani mwenu. (Naona wengine wanatazama chini.)

Neno kuhusu Uarabuni, kwa kuwa mawakala wanafika hadi vijijini kwetu. Huko kuacha kazi mapema si barua na siku saba. Shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa mwaka 2017 juu ya Watanzania wa kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba pasi zao zilichukuliwa na mwajiri, na wako waliotaka kuondoka wakaambiwa warudishe kwanza gharama za kuwaleta. Kwa safari ya namna ile, swali la "nitatokaje?" linaulizwa hapa hapa, kabla ya kupanda basi la kwenda Dar es Salaam.

Kuna wanaosema kuacha kazi changa ni aibu. Mimi nawakumbusha habari ya Mwalimu. Tumepata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita na siku mbili baadaye, Mwalimu Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu! Watu walishangaa. Kweli, cheo chenyewe alikuwa nacho tangu Mei 1961, lakini hata hivyo ni miezi isiyofika tisa. Alisema anakwenda kukijenga chama, akamwachia kiti Mzee Kawawa, na mwisho wa mwaka huo akarudi akiwa Rais. Sisemi keshia wa hoteli ni Waziri Mkuu. Nasema aliondoka anajua anakokwenda, na kiti hakukiacha kitupu. Wala sijasikia mtu akisema Mwalimu hakuwa na uvumilivu.

Sasa turudi kwenye sanduku letu, maana kazi ni ya mtu lakini mkopo ni wetu sote. Baada ya Kongwa tulikaa kikao kirefu, wengine mnakikumbuka kwa kelele zake. Binti alikuwa amerejesha 90,000, deni limebaki 240,000. Wako waliotaka wadhamini tulipe siku ile ile, na walikuwa na haki kwa katiba. Tukakubaliana deni ligawanywe upya, 15,000 kwa miezi 16, bila riba ya ziada. Tukapitisha pia kwamba mwanachama anayetaka kuacha kazi aje kwa viongozi kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, naye hatapigwa faini kwa kuja, na mshauri wake asiwe mdhamini wake. Kanuni hiyo ya mwisho niliileta mimi.

Haikumpendeza kila mtu. Mweka Hazina, yuko hapa, alisema tutawafundisha vijana kukimbia kazi, kwani kazi mbaya si mchezo mwema. Hoja yake siipuuzi. Mwaka jana tulikuwa na mwanachama aliyeacha kazi mbili kwa mwaka mmoja, na nikikaa naye siioni shoti wala zamu ya usiku, naona mtu asiyependa kuamka. Huyo tulimwambia hivyo hivyo usoni, naye marejesho yake hatukuyapunguza.

Yule binti yetu aliteremka Kongwa kwa basi la asubuhi kila mwezi kuleta 15,000 zake, hadi alipopata kazi nyingine hapa mjini. Wiki ya kwanza alinijia na mkataba mkononi, ameupigia mistari kwa kalamu nyekundu. Alitaka tuusome pamoja ile sehemu ya makato kabla hajatia sahihi. Tukausoma. Mstari mmoja aliukataa, mwajiri akaufuta. Mwezi wa kumi na sita Katibu akalifuta deni lake daftarini, na jina langu la udhamini likafutwa hapo hapo.

Ameomba mkopo mwingine, laki tano, wa mashine ya kushona. Fomu ninayo hapa kwenye pochi, nafasi ya mdhamini wa pili iko wazi, na mnaweza kuniona baada ya chakula.