Kabla ya Kununua Programu ya Kusimamia Kazi: Maswali Saba ya Kujiuliza

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia pamoja na vijana wanaotengeneza programu za kompyuta.



Nimeombwa nizungumze juu ya jinsi ya kuchagua programu ya kompyuta ya kusimamia kazi. Najua wengine wenu mnasema moyoni, "Sisi tunafuga ng'ombe na kuweka akiba. Hayo yanatuhusu nini?" Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, vijana wetu wengine siku hizi ndio wanaotengeneza programu, za hesabu ya maziwa au za akiba na mikopo, na wanafanya kazi hiyo kwa timu. Pili, vikundi vyenyewe vimeanza kuwapa vijana hao kazi kwa malipo. Hizo ni pesa za wanachama. Kazi isiposimamiwa vizuri, kikundi kinapoteza pesa na vijana wanapoteza jina. Tena jina likiharibika kijijini, kulirudisha ni kazi.

Tuanze na kazi yenyewe

Zamani watengenezaji wa programu walifanya kazi kama fundi wa nyumba ya mawe. Ramani yote ilichorwa kwanza, halafu msingi, halafu kuta, na mwenye nyumba aliitwa siku ya kupewa ufunguo. Lakini programu si nyumba. Mara nyingi mwenyewe hajui anachotaka mpaka akione kikifanya kazi. Karani wa maziwa ataambiwa "kila kitu kiko tayari", kisha siku ya kwanza agundue kwamba hakuna mahali pa kuandika maziwa yaliyorudishwa kwa kuharibika.

Mwezi wa Februari 2001, watu 17 wa kazi hiyo walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah huko Marekani, wakatoa tamko fupi. Njia yao iliitwa ajaili, maana yake wepesi wa kugeuka. Hawakusema kwamba mipango, mikataba na vyombo havina maana. Walisema kuna vitu vya kutangulia: watu wanaozungumza, kazi inayoonekana, mteja aliye karibu, na moyo wa kubadilika hali ikibadilika. Hebu angalieni hapo. Walioanzisha njia hii waliweka watu mbele ya vyombo. Kwa hivyo mtu akija kuwaambia, "Nunueni programu hii na timu yenu itakuwa ya ajaili," ameanza na paa kabla ya msingi.

Kuna njia mbili mtazisikia sana. Moja ni skramu, iliyoelezwa hadharani mwaka 1995 na Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Timu ndogo, kwa kawaida watu 10 au chini, inachagua kazi za muda usiozidi mwezi mmoja. Wengi wanachukua wiki mbili. Kila siku wanakutana kwa dakika 15 tu. Muda ukiisha, wanamwonyesha mteja walichomaliza, kisha wanajiuliza ni nini warekebishe katika namna yao ya kufanya kazi.

Ya pili ni kanbani, neno la Kijapani lenye maana ya kibao. Ilitoka katika kiwanda cha magari cha Toyota, chini ya Taiichi Ohno, miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Pili. Yeye alivutiwa na maduka makubwa ya Marekani: mteja anachukua anachohitaji, na rafu inajazwa kufuatana na kilichotoka. Kiwandani, kadi ndiyo iliyosema sehemu gani zitengenezwe na ngapi. Siku hizi watengenezaji wa programu wanaandika kila kazi kwenye kadi, na kadi inasogea kutoka "Itafanywa" hadi "Inafanywa" hadi "Imekwisha". Pia wanaweka kikomo: kwa mfano, kazi zisizozidi tatu katika "Inafanywa". Kila mama hapa anajua sababu. Ukiinjika sufuria sita kwa jiko la mafiga matatu, hakuna kitakachoiva.

Sasa tuje kwenye maswali saba.

1. Tumejaribu ukutani kwanza?

Chukueni karatasi kubwa, mchore sehemu tatu, mbandike kadi, mfanye hivyo kwa mwezi mmoja. Kama timu haiwezi kusogeza kadi ukutani, haitaisogeza kwenye kompyuta. Ubao huo pia utawaonyesha mnachohitaji hasa. Vijana wakikaa miji mbalimbali, au kazi zikifika mia, ukuta utashindwa, na hapo mtajua kwa nini mnatafuta programu. Msinunue kabla ya kuijua sababu.

2. Kila mtu anaweza kuona na kuandika?

Programu nyingine zinapendeza kwenye kompyuta ya mjini lakini zinakataa kufunguka kwenye simu ya bei ya chini penye mtandao dhaifu. Ijaribuni huko huko kazi inakofanyika. Kama ni mtu mmoja tu anayeweza kuifungua, mmerudi kule kule kwa katibu aliyefungia kitabu nyumbani kwake. Anayeshika kitabu ndiye anayeshika kikundi. Na kompyuta nayo ni kitabu.

3. Inaonyesha kazi iliyokwama?

Wengi wanatumia kikundi cha WhatsApp. Ni rahisi, na kila mtu anakijua. Lakini ombi la Jumatatu likifunikwa na salamu na matangazo, Ijumaa hakuna anayelikumbuka. Chombo kizuri kinakuonyesha kwa kutazama mara moja tu kazi gani imekaa mahali pamoja siku kumi, na ni nani anayesubiriwa. Trello, iliyotolewa mwaka 2011, imejengwa juu ya kadi na orodha, na mgeni anaielewa upesi. Jira, iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Atlassian ya Australia, ilianza kama chombo cha kufuatilia makosa ya programu. Ina uwezo mkubwa, lakini ina vifungo vingi na inahitaji mtu wa kuipanga. Vijana wanaipenda kwa sababu waajiri wengi wanaitumia, na hiyo ni sababu ya haki kwa kijana anayetafuta kazi. Lakini sababu ya kijana si lazima iwe sababu ya timu. Jadilianeni wazi.

4. Mteja ataona matunda?

Hapa nawasemesha nyinyi viongozi wa vikundi. Msikubali kuonyeshwa michoro ya rangi inayosema kazi imefika asilimia themanini. Asilimia themanini ya ng'ombe haikamuliwi. Kila baada ya wiki mbili ombeni kuona kitu kinachofanya kazi: karani aandike lita za asubuhi, na mwanachama apate ujumbe kwenye simu yake. Malipo yafuatane na hatua hizo, na iandikwe hivyo tangu mwanzo. Programu ya kusimamia kazi iwasaidie kuona maombi yenu yamefika wapi. Isiwe pazia la kuwafichia.

5. Gharama yote ni ngapi?

Nyingi zina sehemu ya bure kwa timu ndogo. Ukizidi idadi fulani ya watu, unalipa kwa kila mtu kila mwezi, mara nyingi kwa dola. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ni dola 8 kwa mtu kwa mwezi, na timu ina watu 10. Hiyo ni dola 80 kwa mwezi, dola 960 kwa mwaka. Dola moja ikiwa shilingi 130, ni shilingi 124,800. Ongezeni bando za intaneti na siku za kufundishana. Kisha ulizeni: kwa pesa hizo tungefanya nini kingine?

Ziko pia programu za bure kabisa ambazo mtu anaruhusiwa kuziweka kwenye mtambo wake mwenyewe, kama Redmine, iliyotoka mwaka 2006. Lakini bure hiyo ni kama ndama wa kupewa. Humnunui, lakini lazima umlishe. Ni nani ataulinda mtambo, atahifadhi nakala, atarekebisha ukiharibika? Kama ni kijana mmoja tu, siku akipata kazi Mombasa mtafanyaje?

6. Tukitaka kuhama, tutatoka na kumbukumbu zetu?

Swali hili wengi wanalisahau, na ndilo lenye hatari kubwa. Wacha niwape mifano mitatu inayojulikana.

Tarehe 5 Aprili 2022, Atlassian ilikuwa ikiondoa kijiprogramu cha zamani kwa wateja wake. Orodha iliyotumika ilikuwa na namba zisizo sahihi, na badala ya kijiprogramu, zikafutwa akaunti nzima. Wateja karibu 775 walipoteza huduma, na wengine walingoja hadi siku 14. Kumbukumbu zilirudishwa kwa sababu nakala zilikuwepo. Lakini fikirini siku 14 bila kujua nani anafanya nini.

Kampuni hiyo hiyo ilisimamisha tarehe 15 Februari 2024 msaada kwa toleo lililowekwa kwenye mitambo ya wateja wenyewe, lile linaloitwa Server. Wenye kulitegemea walipaswa kutafuta mpango mwingine.

Na Pivotal Tracker, chombo kilichopendwa na timu nyingi za ajaili kwa miaka mingi, kilifungwa kabisa tarehe 30 Aprili 2025. Waliotoa kumbukumbu zao mapema walihamia kwingine salama.

Sisemi kampuni hizi ni mbaya. Nasema mwenye nyumba anaweza kubadilisha nia, na mpangaji mwenye busara anajua mlango uko wapi. Kwa hivyo, kabla ya kuweka kazi ya kwanza, jaribuni kutoa kila kitu kwenye jedwali mnaloweza kulifungua nje ya programu hiyo. Kisha mfanye hivyo kila mwisho wa mwezi, na watu wawili wahifadhi nakala.

7. Majina ya watu wetu yatakuwaje?

Vijana wakiandika kadi kama "rekebisha mkopo wa Mama fulani, anadaiwa kiasi hiki", wameweka siri ya mwanachama kwenye mtambo ulio mbali. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Habari za mtu zichukuliwe kwa sababu maalum na zilindwe, naye ana haki ya kujua zinatumiwaje. Kwenye kadi tumieni namba, si majina. Na mtu akitoka kwenye timu, ruhusa yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Hapo hapo niongeze neno moja. Programu hizi zinahesabu nani amemaliza kazi ngapi. Kiongozi asigeuze hesabu hiyo kuwa fimbo. Mwenye kadi moja ngumu si mvivu kuliko mwenye kadi kumi nyepesi. Watu wakiogopa, wataanza kukata kazi vipande ili waonekane wengi wa bidii, au wataficha iliyowashinda. Basi ubao utakuwa umejaa uongo, na hakuna programu ya kuponya hilo.

Jinsi ya kupima

Chagueni programu mbili tu, na ubao wa ukutani uwe wa tatu. Kila kimoja kitumike wiki mbili kwa kazi ya kweli, si ya mfano. Miongoni mwa wanaojaribu awepo yule asiyependa mashine, maana yeye ndiye atakayewaambia ukweli. Andikeni mambo matatu: kazi ngapi zilikwisha, ngapi zilisahauliwa, na dakika ngapi kwa siku zilitumika kuijaza programu yenyewe.

Halafu kila mtu atoe alama 0 hadi 5 kwa kila swali kati ya hayo saba. Kujumlisha tu hakutoshi. Swali la pili na la sita ni kama malango. Chombo ambacho baadhi ya watu hawawezi kukifungua, au kisichowaruhusu kutoka na kumbukumbu zenu, kiwekwe kando hata kama kinang'aa namna gani. Mwishoni uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano pamoja na sababu zake, na mpange tarehe ya kuuangalia tena baada ya miezi sita.

Na ikiwa baada ya kupima mtaona ukuta unatosha, msione haya. Hiyo pesa imebaki kwa mweka hazina.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayeona kumbukumbu za kazi? Nani haoni, na kwa nini?
2. Tukimpa kijana kazi ya kutengeneza programu, tutakubaliana tuone nini baada ya wiki mbili za kwanza?
3. Tuna kazi ngapi ambazo tumezianza na hatujazimaliza? Ni ipi moja tutakayoimaliza kabla ya kuanza nyingine?

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu, na tuanze na wale wa nyuma.