Noeli: Mungu Aliyeuheshimu Mwili wa Mwanadamu

Mada kwa semina ya Majilio ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Sumbawanga



1. Utangulizi

Katika Misa ya Noeli tunafanya jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuuliza sababu yake. Jumapili za kawaida, tunaposali Nasadiki na kufika pale panapotajwa Mwana wa Mungu kutwaa mwili kwa Bikira Maria, huwa tunainama. Siku ya Noeli tunapiga magoti, kanisa zima, wazee kwa watoto. Tunafanya hivyo mara mbili tu kwa mwaka: Noeli, na sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, tarehe 25 Machi. Mada hii inaeleza tunapiga magoti mbele ya fumbo gani, na fumbo hilo linatudai nini tukishainuka.

2. Mwili wa kweli

Tangu karne za kwanza walikuwepo watu walioona haya kusema kwamba Mungu alilia, alinyonya na alihisi baridi. Wakafundisha kwamba Yesu alionekana tu kama mtu. Kanisa lilikataa. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, ulikiri kwamba Mwana ni Mungu kweli aliyetwaa mwili. Na Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ulithibitisha kwamba Maria anaitwa kwa haki Mama wa Mungu, kwa sababu huyo aliyemzaa ni Mungu huyohuyo. Mwaka 1223, kule Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda, ili waumini waone kwa macho yao dhiki aliyozaliwa nayo Mwokozi. Pango tunalolijenga kanisani lina mizizi yake hapo, na linafundisha jambo lilelile: Mungu hakuogopa mwili wetu.

Nabii Isaya (40:6) anaufananisha mwili wa mwanadamu na nyasi. Sisi watu wa Ufipa tunaweza kulielewa neno hilo kwa namna yetu. Mvua zinapoelekea kwisha, mkulima wa asili wa Kifipa hakuchoma nyasi za shamba lake. Alizifukia kwa jembe ndani ya matuta ya mviringo, akapanda maharage juu yake, akaziacha zioze. Mvua mpya zikishika, majira haya ya Noeli, tuta hubomolewa, udongo ulionona husambazwa, na ulezi hupandwa. Nyanda hizi za juu zenye miti michache zimelisha vizazi na vizazi kwa njia hiyo. Mungu naye hakuchoma nyasi zake. Angeweza kuufuta ubinadamu uliochakaa kwa dhambi na kuanza upya. Badala yake aliingia ndani yake, akakubali kuzikwa pamoja nao, akaufanya uzae uzima. Hicho ndicho kiini cha Noeli.

3. Ushahidi wa jimbo letu

Imani hii ilifika kwetu ikiwa na sura ya mtu. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Mizizi ya Jimbo la Sumbawanga iko hapo. Hadi mwaka 1969 jimbo liliitwa Karema. Mwaka 1889 alifika Karema kijana mmoja aliyekuwa tabibu na katekista, Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara. Wamisionari walimkomboa, kisha akasomea utabibu Malta. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini Karema hadi alipofariki mwaka 1956, utumishi wa zaidi ya miaka 60.

Tutafakari maisha hayo. Mwili wake ulipangiwa bei sokoni. Mikono yake ikaja kuosha vidonda vya watu asiokuwa na undugu nao wa damu. Atiman alihubiri Noeli mwaka mzima, kwa dawa na bandeji.

4. Mwili unaodharauliwa leo

Semina hii haitakuwa na maana tukiishia kusifu ya zamani. Mwezi Februari 2013, hapa mkoani Rukwa, watu wenye ualbino walishambuliwa na kukatwa viungo, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Wako Wakristo wanaopokea Komunyo asubuhi, kisha jioni wakaenda kwa mganga wa ramli kuuliza nani amewaroga. Mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi anaitwa mchawi, na jumuiya inakaa kimya. Anayefanya hivyo, au anayenyamaza, ameupinga mwili ule ule alioupigia magoti.

Yuko pia binti aliyepata mimba akiwa shuleni. Kabla ya kumhukumu, tumkumbuke Yosefu: Mathayo (1:18-25) anaeleza kwamba alikusudia kumwacha Maria kwa siri, lakini baada ya kusikia sauti ya malaika alimchukua nyumbani kwake. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Mlango wa shule uko wazi. Mara nyingi uliofungwa ni wa nyumbani.

Na wako wanaouza mahindi yangali shambani, kwa bei ya hasara, ili watoto wavae nguo mpya tarehe 25. Nguo mpya na wali kwa kuku ni furaha halali ya sikukuu. Lakini sikukuu inayoiachia familia njaa ya Januari na Februari haimheshimu Mtoto aliyelazwa horini.

5. Mapendekezo

Naomba kila jumuiya ikubaliane mambo manne kabla ya mkesha:

(a) Kuorodhesha wagonjwa, wazee wanaoishi peke yao na familia zenye mtu mwenye ualbino au ulemavu, na kuwatembelea kabla ya kupamba pango.

(b) Kutamka wazi katika sala ya jumuiya kwamba ramli na kumtuhumu mtu uchawi ni dhambi.

(c) Kufuatilia binti mmoja aliyeacha shule, kuzungumza na wazazi wake na kumsindikiza arudi darasani Januari.

(d) Kuchanga debe la mahindi au maharage kwa kila familia inayoweza, kwa ajili ya wale ambao chakula chao ghalani kimekwisha.

Ndugu viongozi, watu wetu hawatajifunza Noeli kwa mada hii. Wataijifunza kwa kuona nani ametembelewa, nani ametetewa na nani amelishwa. Rudini vijijini mkaanze kazi hiyo juma hili hili.