KURAHISISHWA KWA KOMPYUTA NA UJUZI WA VIZAZI
Mazungumzo kwa viongozi na wanachama wa vyama vya msingi, Iyula, Wilaya ya Mbozi



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa kahawa hufikisha mzigo wake kituoni, hupimiwa, uzito huandikwa, naye hupewa stakabadhi. Siku ya malipo huilinganisha stakabadhi ile na daftari la chama. Asiyejua kusoma humwita mwanawe amsomee. Daftari likiwa wazi mezani, kosa huonekana kwa macho.

Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo inahamia katika kompyuta na simu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika husimamia vyama kwa mfumo wa kompyuta uitwao MUVU, na fedha nyingi za wakulima hupitia benki na simu. Kwa hiyo swali la nani anaielewa kompyuta ni swali la mali ya wanachama.

Mashine ilivyorahisishwa

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu kwa miaka mingi. Huko Marekani, kompyuta ndogo ya IBM ilipotoka mwaka 1981, mtumiaji alilazimika kuandika kila amri kwa herufi. Akikosea herufi moja, mashine haikutii. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa Macintosh, iliyoendeshwa kwa picha ndogo na kipanya. Windows ya Microsoft ilifuata mwaka 1985. Mwaka 2007 ilikuja simu ya iPhone, ambayo kidole kilitosha kuiendesha.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na njia yake. Desemba 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo mkulima mwenye simu ndogo ya kubonyeza hupiga *150*00#, husoma orodha kwa Kiswahili, huchagua namba, na fedha hufika. Hilo ni jambo kubwa. Mlango uliokuwa wa wataalamu wachache umefunguliwa kwa watu wote.

Vizazi vitatu

Pamoja na faida hiyo, vizazi vimegawanyika kwa namna isiyotazamiwa. Wazee wanalijua daftari: wanajua kila tarakimu imetoka wapi. Lakini wengi wao humkabidhi mjukuu simu pamoja na namba ya siri, na hivyo humkabidhi mfuko wenyewe. Kizazi cha kati, kilichojifunza kompyuta katika ofisi na vyuo, kilifundishwa faili ni nini, huwekwa wapi na nakala yake hutengenezwaje, kwa sababu mashine za wakati huo hazikuwezekana bila maarifa hayo. Vijana waliokulia kwenye simu za kugusa wana wepesi wa vidole usio na mfano. Lakini simu huwahifadhia kila kitu bila kuwaonyesha mahali. Kijana akiulizwa orodha ya mizani iko wapi, hujibu kwamba iko kwenye simu. Simu ikitumbukia majini, orodha imekwenda nayo.

Hali hii si ya Mbozi peke yake. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2018 uliowapima wanafunzi wa darasa la nane katika nchi zaidi ya 10 ulionyesha kwamba asilimia 2 tu walifikia ngazi ya juu kabisa ya ujuzi wa kompyuta. Kuzaliwa katika zama za mashine hakumpi mtu elimu ya mashine.

Vijana hawastahili lawama. Watengenezaji waliificha kazi ya ndani ili kumpunguzia mtumiaji taabu. Lakini katika ushirika, kazi ya ndani ndiyo haki ya mwanachama. Chukua mfano wa jedwali la malipo. Kompyuta imeagizwa kujumlisha kuanzia mstari wa 1 hadi wa 200. Karani akiongeza mkulima wa 201 chini ya mstari huo, jumla itakayotokea ni safi kwa macho lakini si kamili, wala mashine huenda isilalamike. Mzee mwenye kalamu angeligundua kosa hilo kwa kujumlisha tena. Kijana anayeiamini skrini hatalitafuta.

Yanayopasa kufanywa

Kwanza, kumbukumbu za mizani na malipo ziwekwe mahali pawili au zaidi, na mojawapo iwe nje ya simu ya karani. Pili, orodha ya malipo ichapwe na kubandikwa ofisini kabla ya siku ya malipo, ili kila mwanachama ailinganishe na stakabadhi yake. Tatu, funguo za mfumo zisiwe kwa mtu mmoja. Kila mhusika awe na namba yake ya siri, na asimpe mwingine. Nne, mafunzo ya makarani yasiishie kwenye kubonyeza, bali yaeleze faili, nakala na hesabu za jedwali. Tano, Kamati ya Usimamizi iwakalishe pamoja mzee ajuaye daftari na kijana ajuaye mashine, wajumlishe upya kurasa chache kila mwezi. Mzee atajifunza skrini, na kijana atajifunza kutilia shaka tarakimu.

Mkaguzi wa hesabu huja mara moja kwa mwaka. Mwanachama yupo kila siku, na mkaguzi wa kwanza wa chama ni yeye.