Mrehani: Mnunuzi Kwanza, Mbegu Baadaye

Hotuba kwa wakulima wadogo wa Thika na Ruiru



Mrehani ni mmea wa jamii moja na nanaa na rosmari. Pwani hufungwa pamoja na asumini katika kikuba. Huku Kiambu wafanyabiashara huuita besili, na wanunuzi wake ni hoteli, maduka makubwa na kampuni zinazouza mboga nchi za nje. Barabara ya Eastern Bypass inaanzia Ruiru kuelekea upande wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kwa hiyo mkulima wa hapa hayuko mbali na soko.

Hata hivyo, majani haya huharibika upesi kama maziwa. Yakikosa mnunuzi siku ya kuvunwa, kesho yake hayana bei. Ndiyo maana mkulima anashauriwa apate mkataba wa maandishi kabla ya kununua mbegu. Mkataba utaje bei ya kilo, siku za kuchukua mazao, na nani atabeba hasara majani yakikataliwa. Ahadi ya simu haitoshi.

Mbegu ni ndogo sana, hivyo kitaluni zifunikwe kwa udongo kidogo tu. Baada ya wiki tatu au nne, miche yenye majani manne hadi sita huhamishiwa shambani kwa nafasi ya sentimita 30 kila upande, yaani miche 11 hivi kwa mita mraba. Mavuno ya kwanza huja baada ya wiki sita hadi nane. Shina hukatwa juu ya jozi ya pili ya majani ili lichipue tena. Mrehani haupendi baridi. Kati ya Juni na Agosti hukua polepole, na mkulima asiahidi kilo nyingi miezi hiyo.

Maua yakichomoza, mmea huelekeza nguvu zake kwenye mbegu na majani hupungua. Vichwa vya maua vikatwe mapema. Anayetaka kuwasaidia nyuki anaweza kuacha mstari mmoja pembeni uchanue, bila kuunyunyizia dawa.

Adui mkubwa ni ubwiri vinyoya. Jani huwa la manjano juu, na chini yake huota ukungu wa kijivu. Ugonjwa huu hupenda majani yaliyolala na maji, kwa hiyo umwagiliaji wa matone ni bora kuliko kurushia maji juu jioni. Dawa iwe iliyosajiliwa kwa zao hilo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zihesabiwe. Katika soko la Ulaya, dawa isiyowekewa kiwango chake maalumu hairuhusiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo. Mkulima mmoja akikiuka, mzigo wa kikundi kizima unaweza kukataliwa.

Maji nayo yaangaliwe. Mrehani mara nyingi huliwa mbichi. Mito ya Thika, Chania na Ruiru hupita karibu na makazi na viwanda, na maji yaliyochanganyika na majitaka hayafai kumwagilia majani ya kuliwa. Maji yapimwe, na anayevuta mtoni kwa pampu apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Mavuno yafanywe asubuhi na kuwekwa kivulini. Majani yasihifadhiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12, kwa sababu huwa meusi. Friji ya kawaida ya nyumbani huyaharibu.

Kwa ushauri, mkulima amwone afisa wa kilimo wa wadi yake. Anayelenga soko la nje aulize pia KEPHIS kuhusu cheti cha afya ya mimea. Aanze na vitanda vichache, na aongeze shamba baada ya mnunuzi kulipa mara ya kwanza na ya pili.