Kulinda Ruhusa ya Kazi ya Mwanafunzi Aliyeko Marekani
Maelezo kwa watumishi wa Serikali, wazazi na wanafunzi

Wapo vijana wa Unguja na Pemba ambao masomo yamewafikisha katika vyuo vikuu vya Marekani, baadhi yao kwa fedha za wazee wao na baadhi kwa ufadhili. Mwanafunzi anapokaribia kumaliza masomo, sheria za nchi hiyo humpa nafasi ya kufanya kazi kwa muda ili aifanyie mazoezi elimu aliyoipata. Nafasi hiyo ina thamani kubwa, lakini ina masharti mengi, na khatari yake hutokea zaidi pale mwanafunzi anapotoka mpango mmoja wa mafunzo na kuingia mwengine. Siku moja tu ya kufanya kazi bila ya ruhusa yaweza kumvunjia hadhi yake ya uanafunzi. Ndiyo maana imeonekana ni vyema utaratibu huu uelezwe kwa lugha iliyo wazi.

Viza na hadhi

Jambo la kwanza la kufahamika ni kuwa viza iliyobandikwa katika paspoti si ruhusa ya kuishi wala ya kufanya kazi. Viza humwezesha mtu kufika mpakani na kuomba kuingia. Kinachomweka mwanafunzi nchini kwa halali ni hadhi yake, ambayo kwa wanafunzi wengi huitwa F-1, na ushahidi wake ni cheti cha chuo kiitwacho Fomu I-20 pamoja na kumbukumbu zilizomo katika mfumo wa kompyuta uitwao SEVIS. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye viza yake imekwisha akiwa ndani ya nchi anaweza bado kuwa katika hadhi halali. Vivyo hivyo, mwenye viza ya miaka mingi anaweza kuwa amekwishapoteza hadhi yake bila ya kujijua.

Mipango iliyopo

Mpango wa kwanza ni mafunzo ya vitendo yaliyomo katika mtaala, yajulikanayo kwa herufi CPT. Haya hufanywa kabla ya mwanafunzi kuhitimu, na huidhinishwa na ofisa wa chuo mwenye dhamana ya wanafunzi wa kigeni, kwa muajiri maalum na kwa tarehe maalum. Mwanafunzi aliyefanya mafunzo haya kwa saa kamili kwa muda wa miezi 12 au zaidi hupoteza haki ya mpango wa pili katika ngazi hiyo ya masomo.

Mpango wa pili ni mafunzo ya vitendo ya hiari, yajulikanayo kwa herufi OPT. Haya ni miezi 12 kwa kila ngazi ya elimu iliyo ya juu kuliko iliyotangulia, na huhitaji kadi ya kibali cha kazi inayotolewa na idara ya uhamiaji ya nchi hiyo, USCIS.

Mpango wa tatu ni nyongeza kwa wahitimu wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambao fani zao zimo katika orodha rasmi ya STEM. Nyongeza hii ilianzishwa mwaka 2008 ikiwa ni miezi 17, na tangu tarehe 10 Mei, 2016 imekuwa miezi 24.

Kutoka CPT kwenda OPT

Wengi hudhani kuwa kwa vile muajiri ni yule yule na meza ni ile ile, kazi yaweza kuendelea. Sivyo. Ruhusa ya CPT humalizika tarehe iliyoandikwa katika Fomu I-20, na ruhusa ya OPT huanza tarehe iliyoandikwa katika kadi, baada ya kadi kutolewa. Siku zilizo baina ya tarehe hizo mbili si siku za kazi, hata kama muajiri ameridhia na hata kama ombi limekwishapelekwa.

Ombi la OPT ya baada ya masomo hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza masomo, na si zaidi ya siku 60 baada yake. Juu ya hayo, ni lazima lifike USCIS ndani ya siku 30 tangu ofisa wa chuo alipoingiza pendekezo lake katika SEVIS. Mwanafunzi anayesubiri hadi baada ya mahafali hupunguza mwenyewe muda wake wa kazi, kwani mafunzo yanapaswa kuanza ndani ya siku 60 baada ya kumaliza masomo, na ucheleweshaji wa ofisi huliwa na miezi yake 12.

Ikishaanza OPT, mwanafunzi haruhusiwi kukaa bila ya kazi kwa jumla ya siku zaidi ya 90. Siku hizo huhesabiwa kuanzia tarehe ya mwanzo iliyomo katika kadi.

Kutoka OPT kwenda nyongeza ya STEM

Hapa ndipo pana msaada mkubwa wa sheria, na pia mtego mkubwa. Mwanafunzi aliyewasilisha ombi la nyongeza kabla ya OPT yake kumalizika anaruhusiwa kuendelea na kazi kwa muda usiozidi siku 180 baada ya kadi kwisha, ilhali ombi likiwa linashughulikiwa. Ruhusa hiyo hukoma mara tu uamuzi utakapotolewa, au zitakapotimia siku 180.

Mfano utasaidia. Mwanafunzi ambaye kadi yake inakwisha tarehe 30 Juni anaweza kuomba kuanzia tarehe 1 Aprili. Akiomba kwa wakati, na jawabu likachelewa, ataweza kufanya kazi hadi tarehe 27 Disemba. Akiomba tarehe 1 Julai, amechelewa kwa siku moja tu, lakini nyongeza imemponyoka. Zile siku 60 anazopewa mhitimu baada ya OPT ni za kujitayarisha kuondoka, au kuhamia chuo chengine, au kuomba hadhi nyengine. Hazitumiki kuombea nyongeza hii.

Ipo pia hesabu ya pili ambayo husahauliwa. Ombi la nyongeza linatakiwa lifike ndani ya siku 60 tangu pendekezo la ofisa wa chuo. Ikiwa ofisa aliingiza pendekezo tarehe 1 Aprili, mwisho wake ni tarehe 31 Mei. Mwanafunzi atakayepeleka ombi tarehe 5 Juni, akiamini kuwa kadi yake bado ni hai, atakuwa ametumia pendekezo lililopitwa na wakati. Anachopaswa kufanya ni kumwendea ofisa kwanza, apatiwe pendekezo jipya kabla ya kadi kwisha.

Nyongeza hii ina masharti ya ziada. Muajiri lazima awe amejiandikisha katika mpango wa Serikali uitwao E-Verify. Kazi isipungue saa 20 kwa wiki, iwe na malipo, na ihusiane na fani iliyosomwa. Mwanafunzi na muajiri hutia saini mpango wa mafunzo katika Fomu I-983. Siku zinazoruhusiwa kukaa bila ya kazi huongezwa 60, zikawa jumla 150 kwa vipindi vyote viwili. Kila miezi 6 mwanafunzi huthibitisha taarifa zake kwa chuo. Akibadilisha muajiri, hutakiwa kutoa taarifa na kuwasilisha Fomu I-983 mpya ndani ya siku 10.

Kuhamia chuo chengine

Yapo makosa ambayo hufanywa kwa nia njema kabisa. Kijana aliye katika OPT hupata nafasi ya masomo ya juu zaidi, akafurahi, na akaomba kumbukumbu yake ya SEVIS ihamishiwe chuo kipya. Kumbukumbu inapohamishwa, au masomo ya ngazi nyengine yanapoanza, OPT hukoma papo hapo, ijapokuwa kadi aliyonayo mkononi inaonesha miezi iliyosalia. Akenda kazini kesho yake, anafanya kazi bila ya ruhusa. Kwa hiyo tarehe ya uhamisho ipangwe pamoja na maofisa wa vyuo vyote viwili, na muajiri aarifiwe mapema siku ya mwisho ya kazi.

Wenye ombi la H-1B

Muajiri anapomwombea mhitimu hadhi ya H-1B iliyo chini ya kikomo cha kila mwaka, na ombi la kubadilisha hadhi likapelekwa ipasavyo kabla ya muda wake kwisha, sheria hulifunika pengo lililobaki. Zamani kinga hiyo ilifika tarehe 1 Oktoba. Kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 17 Januari, 2025 inaweza kufika tarehe 1 Aprili ya mwaka huo wa fedha. Ombi likikataliwa au likiondolewa, kinga nayo huondoka.

Safari

Mwanafunzi aliye katika mafunzo akitoka nje ya Marekani huhitaji viza hai ili arejee, Fomu I-20 iliyotiwa saini ya safari ndani ya miezi 6, kadi ya kazi na ushahidi wa ajira. Wazazi wazingatie jambo hili kabla ya kumwita kijana kuja harusini au Sikukuu. Tangazo la Rais wa Marekani la tarehe 16 Disemba, 2025, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari, 2026, liliitaja Tanzania miongoni mwa nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu, vikigusa pia viza za wanafunzi. Kwa hali kama hiyo, aliyetoka na viza iliyokwisha anaweza kushindwa kurudi kumalizia mafunzo. Kila mwenye paspoti yetu aulize chuo chake hali ya siku hiyo kabla ya kununua tikiti na kabla ya kupeleka ombi.

Watumishi walio masomoni

Mtumishi aliyekwenda kwa likizo ya masomo akumbuke kuwa ruhusa ya kazi ya nchi ya kigeni haiongezi likizo aliyopewa na muajiri wake wa hapa. Hizo ni ruhusa mbili tofauti, na kila moja huombwa mahali pake. Aliyekwenda kwa hadhi ya J-1, kama walivyo wengi wenye ufadhili, hana OPT. Yeye huwa na mafunzo ya kitaaluma ya miezi isiyozidi 18, ambayo kwa mwenye shahada ya uzamivu yaweza kufika miezi 36, na baadhi yao hufungwa na sharti la kurejea nchini kwao kwa miaka 2.

Ndugu Wananchi,

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika jambo hili ufa ni siku chache zilizo baina ya kibali kimoja na chengine, na ukuta ni miaka ya masomo na jasho la wazazi. Kila mwanafunzi anashauriwa kuandika tarehe zake zote katika karatasi moja: mwisho wa masomo, mwanzo na mwisho wa kadi, siku ya pendekezo la chuo, na siku alizokaa bila ya kazi. Nakala ampelekee mzazi au mlezi wake. Amwone ofisa wa chuo miezi minne kabla ya kila tarehe ya mwisho, ahifadhi stakabadhi ya kila ombi, na asifanye kazi siku ambayo hana karatasi ya kuielezea.